Msimu wa Wafumaji, Kutoka Kiti cha Nyuma

Ilianza Ijumaa, tarehe kumi na nane Julai, saa kumi na robo alasiri, ndani ya gari la bosi wa Baba, lililoegeshwa kwenye kivuli cha ukuta huko Al-Safa, Jeddah. Baba alifungua mdomo kusema, "Mabibi na mabwana, karibuni uwanjani," na kilichotoka ni mlio kama wa bawaba ya kabati. Akakohoa, akanywa maji, akajaribu tena. Bawaba ileile.

"Mafi sauti!" mlinzi mmoja wa Riyadh akalalamika kwenye simu. "Jeddah, hatusikii kitu!"

Baba akageuka kunitazama. Nilikuwa kiti cha nyuma na kopo la biskuti mapajani. Kazi yangu ilikuwa hilo kopo tu: nalipiga kwa vidole, polepole au kwa kasi, ili zisikike kelele za mashabiki. Baba akaninyooshea kitabu kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili. Nikatikisa kichwa. Hakuirudisha mikono.

Mimi ni mtu ambaye darasani naomba ruhusa ya kwenda chooni kwa kumwandikia mwalimu kikaratasi. Kwa hiyo inabidi nieleze tulifikaje pale, la sivyo hakuna atakayeelewa kwa nini nilikipokea kile kitabu.

Baba ni dereva wa mzee mmoja wa Kisaudi aliyesoma Uingereza ujanani. Mama ni muuguzi, na mimi niko Jeddah kwa ikama yake, yaani kibali chake cha ukaazi. Kila Ijumaa, bosi akishalala baada ya chakula cha mchana, Baba huingia ndani ya gari, hufunga vioo, na kuwatangazia Wakenya wenzake mpira kwa simu. Kuna madereva na walinzi wa Jeddah na Riyadh, lakini wengi ni akina mama na dada wanaofanya kazi na kulala katika nyumba za watu. Hao hawana nafasi ya kukaa mbele ya runinga. Nafasi waliyo nayo ni ya kutia kisikilizi kimoja sikioni, chini ya mtandio, na kuendelea kupiga pasi.

Mechi yenyewe huwa imeshachezwa. Baba huchukua mechi kubwa ya wiki na kuisimulia upya kana kwamba mpira unapigwa sasa hivi, kwa sababu saa ile ya Ijumaa ndipo wenye nyumba huenda kula kwa bibi yao na nyumba hubaki tupu. Ndiyo maana kundi lina mwiko mmoja: anayejua matokeo afunge mdomo wake. Anayeropoka anaitwa mchawi wa matokeo na hutolewa.

Rafiki mmoja wa Mama, mwenyeji wa Kakamega anayefanya kazi Al-Nuzha, hana Ijumaa anayokosa. Mimi namwita Anti. Hajaona mechi hata moja tangu aje nchi hii, lakini amezisikia zote, na anasema kanzu zote za nyumba ile zimenyooshwa kwa mpira. Siku nyingine zote haongei na mtu. Madam wake si mbaya, ila ni wa maneno machache: yalla ya kuharakisha, kanzu, chai, na halas ya kumaliza. Ijumaa ndiyo siku Anti anayobishana. Aliwahi kumwambia Mama kwamba asipobishana na watu mara moja kwa wiki, anaanza kujibishana mwenyewe jikoni.

Sasa, mwezi wa sita ligi zilipumzika kama kawaida yake. Ijumaa ya kwanza bila mpira, Anti akatuma ujumbe wa sauti. "Shemeji, sisi tutakaa hivi mpaka lini? Tangaza chochote. Hata mpira wa makaratasi."

Hapo Baba akakumbuka kitabu. Bosi wake alikuwa amempa zamani, akisema yeye macho hayamruhusu tena. Kinaeleza msimu mmoja tu wa klabu moja ya Uingereza, iliyokuwa katika ligi kuu ile miaka ya katikati ya vita viwili vya dunia. Bosi alipokuwa mwanafunzi alipanga chumba katika mji wao, mji wa viwanda vya pamba, na mwenye nyumba wake hakuwa na hadithi nyingine. Baba akaamua: msimu huu ndio wetu. Mechi moja kubwa kila Ijumaa, zile ndogo kwa muhtasari.

Nilidhani watakimbia. Nani anataka mpira wa watu waliokufa? Lakini Ijumaa ya pili Jeddah yote ilikuwa upande wa klabu ile, tukaiita Wafumaji. Riyadh wao, kwa ubishi tu, wakawa wanaunga mkono yeyote anayecheza na Wafumaji. Majina ya wachezaji yaliwashinda, basi wakayabadilisha. Golikipa akaitwa Komeo. Winga wa kushoto, mfupi mwenye mbio, akawa Stima. Nahodha, aliyepigwa picha akiwa amekunja mikono kama anasubiri sadaka, akawa Mzee wa Kanisa.

Na maswali hayakuisha.

"Kushinda ni pointi mbili tu?" Anti aliuliza. "Ya tatu nani amekula?"

"Wakati ule zilikuwa mbili, shemeji."

"Na mtu akiumia?"

"Anabaki uwanjani. Hakuna wa akiba. Wakiwa kumi, ni kumi."

"Hiyo ni kazi kama yangu," Anti akasema, na wote wakacheka. Mlinzi wa Riyadh ndiye aliyecheka zaidi, kwa sababu hata yeye lindo lake halina wa kumpokea.

Siku moja Anti alikiri kwamba alikuwa amewaombea Wafumaji asubuhi ile. Riyadh wakamvamia. "Mechi imechezwa kabla nyanya yako hajazaliwa! Unaomba nini?"

"Mungu hana jana," Anti akawajibu. "Nyinyi endeleeni kula vumbi."

"Na nyinyi endeleeni na huo unyevu wenu. Jeddah hata chumvi haikauki!"

Basi ndivyo tulivyokuwa, hadi ile Ijumaa ambayo sauti ya Baba iligoma.

Nilikipokea kitabu. Nilisoma mechi nzima kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, kuanzia kipenga cha kwanza hadi cha mwisho, bila kupumua vizuri, na kopo nililisahau kwenye kiti. Stima alifunga bao nikalipita kama nukta. Nilipomaliza, mlinzi wa Riyadh akauliza kwa upole ambao uliniumiza kuliko kelele:

"Binti, mazishi ni lini?"

Nilikata simu. Nililia kidogo, sitaficha. Baba hakunicheka. Alichukua simu yake, akaniandikia: *Umefika mwisho wa mechi. Wengi hawafiki.*

Wiki ile daktari alimwambia ana kinyama kwenye nyuzi za sauti. Kikatolewa katika hospitali anayofanyia kazi Mama, na Mama akasimamia masharti kama askari: asiseme, asinong'one, asikohoe ovyo, mpaka aruhusiwe. Tukaanza kuishi na Baba wa maandishi. Alibandika karatasi mlangoni, kwenye friji, kwenye mto. Nyingi zilikuwa za mpira. Moja iliniandama: *Msimu ukikatikia hapa, kundi litatawanyika. Wale dada watarudi kuongea na pasi.*

Kisha Alhamisi Anti alinitumia ujumbe mimi, si Baba. Alikuwa ananong'ona, nikajua madam yuko karibu. "Mama, kesho utatupeleka uwanjani? Nimeshaweka kanzu pembeni. Usituache nusu ya njia."

Kitabu kilikuwa na raba ya kufungia. Baba alikuwa ameifunga kwenye kurasa zilizobaki, kwa sababu hata yeye hakuwa anajua mwisho. Alisoma mechi moja tu mbele, basi. Alisema mtangazaji anayejua mwisho hutangaza kama mwongo. Bosi alipojaribu siku moja kumdokezea, Baba alimwomba kwa heshima zote anyamaze, na mzee akacheka mpaka akashika mlango wa gari.

Mimi niliitoa raba. Nilisoma yote palepale kitandani, mpaka mstari wa mwisho, kisha nikaenda sebuleni nikiwa na uso ambao sikuweza kuuficha. Baba alinitazama, akachukua kalamu haraka sana: *USINIAMBIE.*

Kwa hiyo nikabaki nao peke yangu. Wafumaji wangeshuka daraja. Siku ya mwisho kabisa ya msimu.

Kesho yake, Ijumaa, niliingia kwenye gari. Nikaanza kusoma. Sentensi tatu tu, Anti akanikatiza.

"Ngoja. Usisome. Funga hicho kitabu uniambie mimi. Mimi napiga pasi hapa, sioni. Uwanja ukoje?"

Nikafunga. "Umelowa," nikasema.

"Umelowa vipi?"

Sijawahi kuona tope la Uingereza. Ila nimeiona barabara ya nyuma ya nyumba yetu siku mvua kubwa ilipopiga Jeddah, maji ya kahawia, kiatu kikizama unakiacha. Nikawaambia hiyo. Nikawaambia mpira wa wakati ule ni wa ngozi, umeshonwa kwa kamba, na ukilowa unakuwa mzito kama begi langu la shule. Komeo akiudaka anarudi nyuma hatua moja. Mzee wa Kanisa akiupiga kichwa, kamba inamwachia alama kwenye paji la uso.

"Maskini!" dada mmoja akasema. "Na ndoa anayo?"

"Anayo," nikasema. Kitabu hakikusema, lakini kwenye picha ana pete.

Walicheka. Mimi ndiye niliyewachekesha. Kiti cha mbele nikasikia vidole juu ya bati: Baba alikuwa amelichukua kopo. Alilipiga vizuri kuliko mimi, niseme ukweli. Aliposikia nimeinua sauti alikazana, nilipozubaa alinigongea kidogo kunisukuma. Siku ile Wafumaji walitoka sare, na Riyadh hawakuniuliza tena kuhusu mazishi.

Ila mwisho ulikuwa unakuja, na kila Ijumaa nilizidi kuogopa. Jeddah walikuwa wameanza kuamini. Anti alisema Wafumaji wakibaki ligi kuu atapika chapati atuletee siku akipata ruhusa, na wakishuka atapika vilevile, lakini akilia. Ningeweza kubadilisha. Nilifikiria sana jambo hilo, nikiosha vyombo, nikiwa darasani kwa masomo ya likizo. Nani angejua? Kitabu ni kimoja, raba iko mkononi mwangu, na mwiko ungewazuia wote kutafuta kwenye simu zao. Bao moja tu ningeligeuza na wale dada wangelala wakiwa na furaha.

Nilimwuliza Mama bila kumwambia mwisho. Mama alikuwa anavua viatu vya kazini. "Mgonjwa akiniuliza," akasema, "simdanganyi. Lakini sisemi nikiwa nimesimama mlangoni. Nakaa chini kwanza."

Ijumaa ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, gari lilijaa joto hata na kiyoyozi. Baba alikuja na kopo, na kwa mara ya kwanza hakukaa mbele. Alikaa nyuma, kando yangu. Nikafungua laini na watu wakaanza kuingia mmoja mmoja.

"Riyadh tuko hapa," mlinzi akasema. "Tumekuja kuwazika."

"Zika vumbi lako," Anti akamjibu. "Binti, anza."

Nikawaeleza hesabu. Timu mbili za mwisho zinashuka. Moja ilishajulikana zamani. Ya pili ni sisi au timu ya bandarini, ambayo dakika hii hii inacheza mbali, katika mji mwingine. Sisi lazima tushinde, na wao lazima wafungwe. Wakitoka hata sare, tumekwenda.

"Na tutajuaje ya kwao?" akauliza dada mmoja.

"Hatutajua. Uwanjani hakuna redio. Habari zitakuja kwa telegramu, ile simu ya maandishi ya zamani, mpaka ofisini kwa klabu. Tutasubiri."

Kipindi cha kwanza tulifungwa mapema. Riyadh wakaimba. Komeo alikuwa ameteleza, nami sikumfichia. Kisha Mzee wa Kanisa akasawazisha kwa kichwa, nikapiga kelele mpaka nikajishtua, na Baba akalitwanga kopo hata likabonyea. Kipindi cha pili Stima akaumia goti. Nikaeleza anavyoanguka, anavyoinuka, anavyoanguka tena.

"Wamtoe!" Anti akasema. "Waingize mwingine!"

"Hakuna mwingine, Anti."

"Basi akae chini!"

"Hakai. Wanamsogeza pembeni kabisa, kwenye mstari, asimame tu pale. Anachechemea. Beki anayemlinda anamtazama mara moja, anaona huyu si kitu, anamwacha na kwenda katikati."

Hapo nikaacha kuongea kidogo. Nilikuwa nimegundua katika zile Ijumaa kwamba Baba, kwa ufundi wake wote, hajui kunyamaza. Maneno yake hayana mlango. Mimi kunyamaza ndiko ninakokujua kuliko chochote, nimekufanyia mazoezi maisha yangu yote. Nikahesabu pumzi. Sikusikia kitu kwenye laini ila pasi ya mtu ikitoa mvuke.

"Mpira umepigwa mrefu," nikasema taratibu. "Umempita kila mtu. Umemkuta mguu mzima wa Stima."

Sikulazimika kumaliza. Jeddah walipiga vigelegele hata sauti ikakatika, na kwa nyuma ya sauti ya Anti nikasikia kitu cha bati kikianguka sakafuni. Baba aliacha kopo akanishika bega. Macho yake yalikuwa yanauliza. Bado hakujua, masikini.

Refa akapuliza kipenga. Tumeshinda. Nikakaa vizuri kwenye kiti, kama Mama alivyosema.

"Watu hawaondoki," nikawaambia. "Wamesimama wote, wamevaa kofia, mvua inawanyeshea. Wachezaji wamesimama nao kwenye tope, hakuna aliyeingia ndani. Stima ameegemea nguzo ya goli. Wote wanatazama mlango wa ofisi."

Nikanyamaza tena. Mara hii ndefu.

"Mlango umefunguka. Ametoka mwanamume mwenye karatasi. Hana haraka."

"Ee Mungu," Anti akasema, chini kabisa.

"Timu ya bandarini imetoka sare," nikasema. "Tumeshuka."

Nilifunga macho. Nilisubiri wakate simu mmoja mmoja. Nilisubiri nilaumiwe. Nilichosikia kwanza ni makofi, mikono ya mtu mmoja, peke yake, ndani ya nyumba tupu ya Al-Nuzha. Anti alikuwa anapiga makofi. Wakajiunga wengine, wengine kwa vijiko na masufuria, na mimi nikakumbuka nikasema jambo ambalo limo kitabuni kweli, mstari wa mwisho kabisa: hata wao, kule, walipiga makofi mpaka mchezaji wa mwisho alipoingia ndani.

"Mimi nasema hivi," Anti akaongea huku anavuta kamasi. "Yetu tumeshinda. Ya bandarini si sisi tuliocheza."

"Poleni, Jeddah," mlinzi wa Riyadh akasema. Kisha baada ya kidogo: "Lakini huyo wa goti, huyo ni wetu pia. Tugawane."

"Hatugawani mtu! Rudi lindoni!"

Wakaanza kubishana. Wakabishana juu ya Stima, juu ya Komeo kuteleza, juu ya pointi mbili na ile ya tatu iliyoliwa. Hakuna aliyetoka kwenye laini mpaka mwenye nyumba wa Anti alipogonga geti, naye Anti akasema, "Wamekuja, wamekuja, lakini bado sijamaliza na nyinyi," akakata. Wengine wakaendelea bila yeye, na bila mimi. Mtangazaji hakuhitajika tena.

Baba alichukua daftari alilokuwa akiandikia tangu anyamazishwe. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Nilitegemea kitu kirefu. Alikuwa ameandika: *Mtangazaji wa klabu: binti yangu.* Akaichana ile karatasi, akaikunja, na badala ya kunipa mimi, akaitia kwenye mfuko wa shati lake mwenyewe.

Kesho yake asubuhi, Jumamosi, tulikwenda pamoja kwenye duka la tamisi, ile mikate bapa ya tanuri ya Kiafghani, karibu na nyumbani. Tangu tuhamie mtaa ule nimekuwa nikinunua pale kwa kuonyesha vidole, na mwokaji, Mwafghani mwenye ndevu nyeupe kwa unga, alishazoea kunihesabia bila kuniuliza. Siku ile kulikuwa na foleni. Tulipofika mbele, Baba, asiyeruhusiwa kusema, akainua vidole vinne. Nami nikamshusha mkono, nikasogea kwenye dirisha la tanuri na kuagiza kwa sauti, kwa Kiarabu, mikate minne, iliyoiva vizuri pembeni. Mwokaji akainama kunitazama kupitia lile dirisha.

"Kumbe unaongea," akasema.

"Ndiyo," nikamwambia. "Na mmoja uwe wa ufuta."